Madenge Mnamjua, Baba Yake Mnamjua?

Jaribu kitu kimoja, ndugu msomaji. Nenda kijiwe chochote cha kahawa hapa Mwanza, Kirumba, Mabatini, Igoma, popote wanapokaa watu wa miaka hamsini na kuendelea, halafu sema tu, "Lodi Lofa." Utaona meno. Sema "Ndumilakuwili," mmoja atamnyooshea kidole mwenzake, na huyo mwenzake ataanza kujitetea. Sema "Madenge," na baba mzima mwenye wajukuu atakusimulia utundu wa mtoto ambaye hajawahi kuwepo kana kwamba walisoma naye darasa la tatu B. Sasa baada ya kicheko kuisha, uliza: aliyewachora hawa nani?

Kimya. Mmoja atajikuna. Mwingine atajibu, "Sani."

Sani ni gazeti, bwana. Gazeti halishiki penseli. Gazeti halikai usiku na taa ya chemli likifuta mguu wa Lodi Lofa mara nne kwa sababu haujakaa kihuni sawasawa. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa mtu, na mtu ana jina. Anaitwa Philip Ndunguru. Alizaliwa mwaka 1962, akafariki mwaka 1986. Piga hesabu mwenyewe. Miaka ishirini na minne! Wengi wetu tunaoandika humu tumeshapita umri huo, na tulichonacho ni hadithi mbili zilizochapishwa na madaftari ya mashairi chini ya godoro. Yeye katika umri huo alikuwa ameshawapa sura watu ambao taifa zima linawatania mpaka leo.

Najua watakaoguna. Wako waandishi wenzetu, na wengine nawaheshimu sana, ambao wakisikia katuni wanakunja uso kama wamepewa furu aliyelala. Mmoja alisema wazi katika kikao cha waandishi hapa mjini, mbele ya vijana waliokuja na michoro yao: "Katuni si fasihi, hivyo ni vichekesho vya watoto, tuendelee na ajenda." Tukaendelea na ajenda. Vijana wale hawakurudi kikao kilichofuata, nami siwalaumu. Ningekuwa mimi nisingerudi.

Makala hii ni jibu kwa kauli ile. Sitajibu kwa nadharia, kwa maana nadharia ndiko wanakojificha. Nitajibu kwa Ndunguru.

Kwanza tuelewane ilikuwa nchi gani. Sani ilianzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na jina lenyewe, angalia vizuri, ni SA ya Saidi na NI ya Nico. (Waasisi wenyewe walijua thamani ya jina, si mnaona?) Ni miaka ya themanini. Tanzania Bara haina televisheni. Zanzibar wanayo tangu 1973, huku kwetu mpaka 1994. Vita vya Kagera vimeisha na vimekomba hazina. Dukani hakuna sabuni, hakuna sukari, hakuna dawa ya meno. Karatasi yenyewe ya kuchapia ni bidhaa adimu. Katika hali hiyo kijana wa miaka ishirini na kidogo anakaa mezani Dar es Salaam, anachora visanduku, ndani ya visanduku anaweka watu, na watu wale wanapanda treni ya reli ya kati, Morogoro, Dodoma, Tabora, Shinyanga, mpaka stesheni ya Mwanza. Ndiyo ilikuwa sinema yetu. Nakala moja ilisomwa na mtaa mzima: ikianza kwa kinyozi, inaazimwa na fundi cherehani, inapotea siku tatu, inaonekana tena ukurasa wa kati haupo.

Mimi nilizaliwa baada ya Ndunguru kufa. Sani nilizikuta kwenye sanduku la mjomba wangu, chini ya vyeti vyake. Kwa hiyo siongei kwa kulilia ujana wangu. Naongea kama mtu aliyesoma maandishi ya zamani akaona kwamba bado yanauma.

Mchukueni Lodi Lofa. Lofa maana yake mnaijua: asiye na kazi, asiye na kitu, anayeshinda mtaani. Mwaka 1983 Bunge lilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi, na kwa sheria hiyo asiye na kazi ya kueleweka akawa kama mhalifu. Dar es Salaam watu walisimamishwa barabarani wakadaiwa vitambulisho vya kazi, waliokosa wakakusanywa, wakarudishwa vijijini wakalime. Muuza karanga alikuwa mzururaji. Mshona viatu chini ya mti alikuwa mzururaji. Redio ilitangaza, magazeti ya serikali na chama yalifafanua, viongozi walihutubia. Katika nchi ambayo lofa anasakwa na mgambo, kuna gazeti ambamo lofa ndiye nyota! Anatembea kwa maringo, anajiona wa maana kuliko mwenye ofisi, na msomaji yuko upande wake. Hakuna hotuba humo ndani. Hakuna mstari unaosema serikali imekosea. Kuna mtu tu, na mtu huyo anachekesha, na ukishacheka naye huwezi tena kumwona kama takataka ya kufagiwa.

Sasa niambieni, hiyo kama si kazi ya fasihi, kazi ya fasihi ni ipi? Riwaya ngapi za miaka ile zilimfikia muuza karanga mwenyewe? Waandishi wetu wakubwa waliandika juu ya mnyonge, vizuri sana pengine, na mnyonge hakuwa na hela ya kitabu. Ndunguru alichora mnyonge na mnyonge akamsoma.

Ndumilakuwili naye. Neno hilo ni la kale, ni la nyoka wa vichwa viwili, la mtu anayekula huku na kule. Wapinzani wangu hulikimbilia neno hili haraka: "Ndumilakuwili ni mali ya Kiswahili, Ndunguru hakuligundua." Sawa kabisa. Na neno "mzee" ni la Kiswahili pia, na "bahari" ni la Kiswahili, tuwanyang'anye waandishi wote vitabu vyao kwa kuwa maneno waliyakuta? Neno lilikuwa la wote. Uso haukuwa wa wote. Yule jamaa anayemwambia huyu hivi na yule vile, akinaswa anageuza kibao, mwili mzima ukiongea uongo kabla mdomo haujafunguka, huyo hakuwemo kwenye kamusi yoyote. Alitoka kwenye mkono wa mtu.

Tena alitoka wakati wake. Mwaka huohuo wa 1983 ndipo Sokoine akiwa Waziri Mkuu alipowatangazia vita wahujumu uchumi. Watu walitupa mchele usiku, walifukia mabati, walisukumia vitenge mtoni. Wazee wetu wa huku ziwani mnawasikia wanavyosimulia: sabuni, mafuta ya kupikia na dawa ya meno vikivuka maji usiku kutoka upande wa Kenya, kahawa ikienda upande mwingine, na mchana mvushaji yuleyule amekaa mstari wa mbele kwenye mkutano wa chama, anapiga makofi kuliko wote. Kila mtaa ulikuwa na ndumilakuwili wake, na mara nyingi ndumilakuwili huyo alikuwa baba mwenye familia aliyetaka tu watoto waogee sabuni. Ndunguru aliwapa watu jina la kuitana na sura ya kuchekea, katika miaka ambayo kuitana wahujumu kungeweza kumfikisha mtu kizuizini. Hebu fikirini ahueni hiyo.

Kuna mwingine, Dokta Lovu Pimbi, mfupi lakini mapenzi tele. Sisi wa Mwanza tunao pimbi wa kweli, wanaota jua kwenye mawe ya Saanane, na nimemwona mtalii akiwapiga picha huku kijana wa kwetu pembeni akicheka peke yake. Mtalii hakuelewa kinachochekesha. Kijana alikuwa anamwona Dokta. Anayeweza kumwekea mtu kicheko ndani ya mnyama wa mwituni huyo ni mtunzi, msinibishie.

Na lugha! Hapa nitapaza sauti kidogo. Shuleni tulifundishwa Kiswahili sanifu, na vizuri tu, mimi mwenyewe nakipenda. Lakini Kiswahili cha kijiweni, cha konda, cha dada anayejibu mtongozaji, nani alikiandika kabla Bongo Fleva haijakipeleka redioni? Ni hawa wa vibonzo. Wao ndio waliothubutu kuandika neno kama linavyosemwa, wakalizungushia duara, wakaliweka mdomoni mwa mtu. Leo kijana akiandika hadithi yenye mazungumzo ya mtaani anasifiwa kwa ujasiri. Ujasiri huo una wazee wake, na wazee hao hawatajwi kwenye dibaji ya mtu.

Halafu 1986. Mwinyi ameshaingia Ikulu mwaka mmoja, mambo ya ruksa yanaanza, mitumba inarudi, maduka yanaanza kujaa, yaani Lodi Lofa ndiyo kwanza angepata nguo za kuvaa, na aliyemchora anafariki.

Watu wake hawakufa. Wachoraji wengine waliipokea kalamu; John Kaduma alikuwa mmoja wao. Madenge akaendelea kuchapwa viboko, Ndumilakuwili akaendelea kusema uongo, miaka ya tisini ikapita nao. Sasa nisieleweke vibaya. Lawama yangu haiendi kwa waliompokea. Bila wao Madenge angezikwa 1986 pamoja na aliyemchora, na mimi nisingekutana naye kwenye sanduku la mjomba. Kuendeleza kazi ya marehemu ni heshima. Tena si kwetu tu: Goscinny aliyemtunga Asterix kule Ufaransa alifariki 1977, mwenzake Uderzo akaendelea peke yake, baadaye wakaja wengine kabisa, na mpaka leo jalada la Asterix lina majina ya Goscinny na Uderzo. Ubelgiji Hergé alitaka kinyume chake, alipofariki 1983 Tintin akaishia hapo hapo, hakuna mwingine anayeruhusiwa kumtungia safari mpya. Njia mbili tofauti kabisa, na katika zote mbili mtoto wa shule anajua baba wa mhusika ni nani.

Kwetu tumechagua njia ya tatu. Mhusika anaishi, jina la baba linafutika, na tunaita hali hiyo "mali ya wananchi."

Mali ya wananchi! Neno tamu. Ndilo wanalolitumia wenye akili kidogo zaidi wanapojibizana nami. Wanasema, ukubwa wa kazi ni pale inapomezwa na watu mpaka mtunzi hajulikani, kama methali, kama hadithi za sungura. Mimi nauliza, mbona falsafa hiyo haiwahusu ninyi? Mbona shairi lenu likitoka gazetini bila jina mnapiga simu kwa mhariri asubuhi na mapema? Methali haina jina kwa sababu waliozitunga hawakuwa na wino. Ndunguru alikuwa nao, na kazi yake yote ilikuwa ya wino.

Tazameni ng'ambo ya maji hapo, Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akazungushwa miaka na miaka bila mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980, naye akafa 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Tunasikitika kila tunapoisimulia, na tunafanya vizuri kusikitika. Ukipanda meli kwenda Nansio utapata mtu wa kukuambia Kitereza alikuwa nani. Kezilahabi wa Namagondo ndiyo usiseme, alipofariki Januari 2020 tuliandika humu na kwingineko mpaka wino ukaisha, na alistahili kila tone. Basi nauliza tu, huzuni ile inaishia wapi? Inaishia pale mtu anapoanza kuchora? Mzee wa miaka zaidi ya themanini aliyenyimwa kitabu chake tunamlilia, kijana wa ishirini na nne ambaye hakubaki hata na jina midomoni mwa wanaomcheka Madenge tunasema alikuwa anachekesha watoto?

Niwape kisa cha Marekani, kwa sababu vijana wetu wote wamevaa fulana zake. Mwaka 1938 vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki za Superman kwa dola 130. Walikuwa na miaka 23 kila mmoja, yaani rika lilelile la Ndunguru. Mhusika akaingiza mamilioni, wao wakaishia kwenye kesi na ufukara, jina lao likaondolewa kwenye kazi. Lilirudi mwaka 1975, sinema kubwa ikiwa inaandaliwa, na pensheni juu. Nani alilirudisha? Si huruma ya kampuni. Ni wachoraji wenzao, Neal Adams na Jerry Robinson mbele, waliopiga kelele magazetini na kwenye televisheni mpaka wakubwa wakaona aibu. Miaka 37 ilipita, kelele zikafanya kazi.

Kwa hesabu ya 37 tokea 1986, sisi tumeshachelewa. Kelele zetu ziko wapi?

Mtaniambia sheria. Tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ndiyo iliyoizaa COSOTA, iliweka ulinzi wa kazi ya mtunzi kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mtu aliyefariki 1986 hesabu hiyo inafika 2036. Na ndani ya sheria hiyohiyo mna haki ya mtunzi kutajwa kwenye kazi yake, haki ambayo haihusiani na nani ana hela ya kuchapa. Lakini sheria ni kama boya, halikuvuti kutoka majini kama hakuna aliyeshika kamba. Sisi wasomaji na waandishi ndio washika kamba, na mikono yetu iko mifukoni.

Wapo waliojifunza, nitawataja, kwa maana makala ya kudai majina isiyotaja majina ni uhuni. Kabla ya Ndunguru alikuwepo Christian Gregory na Chakubanga wake katika gazeti la Uhuru, na wazee wanaweza kumtaja wote wawili, Chakubanga na Gregory. James Gayo alimpa Kingo gazeti lake lenyewe, jina la mhusika likawa jina la nyumba, na mwenye nyumba anajulikana. Ali Masoud akaenda mbali zaidi, akajiita kwa jina la panya wake, sasa Masoud Kipanya na Kipanya huwezi kuwatenganisha kwa shoka. Ukimkata mmoja mwingine anatoa damu. Ujanja wa hali ya juu huo. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam, alivuka kwenda Nairobi akajiunga na Nation mwaka 1992, akatia sahihi yake kila kona mpaka sahihi ikawa ndiyo habari. Hata mwaka 2016 mkataba wake huko ulipoisha bila kuongezwa, mwaka mmoja baada ya serikali yetu kukasirikia mchoro wake wa Rais Kikwete katika The EastAfrican, dunia ilijua aliyeondoka ni nani. Gazeti lilibaki na kurasa, yeye akabaki na jina.

Mnaona tofauti? Wote hao waliishi vya kutosha kujitetea. Ndunguru hakupata nafasi hiyo. Na ndiyo maana utetezi wake ni kazi yetu, si yake.

Sasa nije nyumbani, maana hili si suala la marehemu peke yake. Teremka Mwaloni pale Kirumba asubuhi, katikati ya magunia ya dagaa, utazame ubavuni mwa mitumbwi na boti. Kuna mkono mmoja pale unachora simba, unachora samaki, unachora bondia, unaandika majina kwa herufi ambazo hakuna kompyuta inayoziweza. Huo mkono mmoja umechora nusu ya saluni za Kirumba. Jina halipo. Nilimwuliza mwenyewe kwa nini hatii sahihi, akanijibu, "Mteja hapendi, anasema namchafulia boti." Jina la mchoraji ni uchafu! Jina la mwenye boti ni pambo.

Rafiki yangu mmoja wa Igoma anachora hadithi kwa simu, kidole tu, na ana kipaji hicho ambacho ukikiona unaona wivu. Alimtunga mhusika, mama muuza sangara mwenye mdomo mkali, akatuma vipande sita kwa kampuni moja ya matangazo huko Dar. Akalipwa hela ya vocha. Wiki chache baadaye mama wa sangara anauza bidhaa nyingine kabisa, kapakwa rangi mpya, na jamaa alipouliza akaambiwa alishalipwa, asome alichosaini. Alichosaini ni risiti. Katika vikundi vya simu ni balaa zaidi: mtu anapunguza picha pembeni, sahihi inakatwa, picha inafika Bukoba na Musoma imeshakuwa yatima, ikifika Dar imeshapata baba mwingine. Kilichomkuta Ndunguru kwa miaka, kinawakuta hawa kwa dakika kumi.

Kwa hiyo wachoraji wa Mwanza, nanyi waandishi mnaofanya kazi na wachoraji, acheni adabu ya kijinga. Jina liwe ndani ya mchoro, si pembeni. Liwekeni kwenye kibao cha duka, kwenye ubavu wa boti, kwenye kanga ya mama, mahali ambapo mkataji akikata anakata na kichekesho. Tarehe pia. Mkiuza, andikeni mnauza nini: mchoro huu mmoja, au mhusika na watoto wake mpaka kiama. Asiyetaka kuandika hivyo mwacheni aende akachore mwenyewe.

Na ninyi wahariri wa gazeti hili, kwa sababu mnachapa hata wanaowasema, nawasema. Toleo zima lililopita lilikuwa na michoro minne na jina la mchoraji halimo hata kwenye ukurasa wa mwisho, wakati aliyepiga chapa ametajwa na aliyetoa soda za uzinduzi ametajwa. Toleo hili litakapotoka nitafungua kwanza ukurasa huo.

Limebaki jambo la magazeti yenyewe. Sani za zamani hazikuisha kwa kusomwa, ziliisha kwa kufungia karanga. Nina hakika kuna bibi hapa mjini aliuza vikoko vya karanga vyenye Lodi Lofa mia moja, na kila koko lilikuwa ukurasa ambao leo hatuna. Zilizobaki zimo kwenye masanduku ya akina mjomba, kwenye dari, kwenye mabanda ya kuku. Zile za kabla ya mwisho wa 1986 ndizo ninazozitaka, kwa kuwa humo ndimo mkono wa Ndunguru mwenyewe uliko, na mimi na wenzangu watatu tumekubaliana kuzipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kuandika toleo na mwaka, na kuweka jina lake juu ya kila hadithi aliyoichora. Sihitaji kubaki nazo. Utakaa hapo hapo na gazeti lako, chai juu yangu, utaondoka nalo. Aliye Mwanza alete kwenye kikao chetu cha Jumamosi, aliye Geita, Sengerema, Ukerewe au Bunda amkabidhi mtu anayemwamini, si utingo. Lililochanika lete. Lenye matundu ya mende lete. Lisilo na jalada lete, tutatambua kwa mguu wa Lodi Lofa.

Na yule mzee wa ajenda, mwambieni kiti chake kipo.